Admini wa Ziwani

Siku hizi watu wanamsifia kwa sababu hayupo. Amehamia Majimoto kwa binti yake, anawasumbua wa huko, na sisi tuliobaki tumeanza kusema eti yule mzee alikuwa mtu wa watu. Mtu wa watu gani! Mimi nimekaa naye ua kwa ua tangu niolewe hapa, na nasema alikuwa mtu wa kukera. Asubuhi alikera, mchana alikera, jioni alikera kwa sauti. Nikimwandika nitamwandika hivyohivyo. Anayetaka sifa akaandike za kwake.

Tulimwita Admini. Jina alikuwa nalo, ila hata mkewe alishaacha kulitumia. Alikuwa admini wa grupu la simu linaloitwa Ndege na Wanyama wa Ziwani. Alilianzisha mwenyewe, akatuingiza wote bila kutuuliza. Unaamka asubuhi unakuta umeshakuwa mwanachama, na umeshapewa onyo la kwanza kwa kukaa kimya.

Ziwa lenyewe lina ugomvi wake. Liko juu, limekaa katikati ya vilima. Ukitoka Kakese unapandisha mpaka pikipiki inalia. Wataalamu wa maji wakija wanaliita bwawa, kwa sababu upande mmoja kuna tuta. Admini alikuwa hataki kulisikia neno hilo. Siku moja aliwauliza, “Kiboko anaweza kukaa bwawani?” Wakamwambia anaweza, na wapo wengi tu. Akafikiri. “Basi hao hawajitambui,” akasema, akaondoka na kiti chake. Tukaendelea kuliita ziwa.

Kazi ya grupu ilikuwa moja: ukiona ndege au mnyama, sema. Jambo lenyewe si baya, sikatai. Wanawake tunachota maji kule. Viboko wanatoka jioni kuja kula, nyani wanashuka vilimani kwenye mahindi, na mpunga ukianza kukomaa kweleakwelea wanakuja kama moshi. Mtu akisema mapema kiboko yuko njia ya ziwani, mwenzake anapita kwingine, anaishi. Lakini nyie, kuripoti kitu kwa Admini ilikuwa kama umejipeleka polisi mwenyewe. Mama Kulwa, jirani yetu wa upande wa pili, aliwahi kuandika kwa roho safi kabisa kwamba ameona ndege mweupe.

“Mweupe kiasi gani?” Admini akauliza.

“Mweupe tu, Admini.”

“Alikuwa anaelekea wapi?”

“Alikuwa amesimama juu ya ng’ombe.”

“Ng’ombe alikuwa anaelekea wapi?”

Mama Kulwa alizima simu. Alikuja kwangu ametoa macho, akasema kuanzia leo hata akimezwa na chatu haripoti, watamwona wenyewe tumboni.

Na mtu huyo wala hakusomea wanyama. Alikuwa utingo. Miaka yake yote alikaa juu ya magunia ya tumbaku kwenye malori, na kwa kuwa barabara ya kwenda kusini inakatiza mbugani, alihesabu kila safari kama mwaka wa chuo. Ukibishana naye anakwambia, “Mimi twiga ameshaninusa kofia.” Hapo mjadala umeisha. Utasema nini wewe ambaye hujanuswa?

Vifaa vyake vilikuwa viwili. Kiti cha plastiki cha bluu, ambacho alikwenda nacho ziwani kakibeba kichwani miguu juu, na darubini iliyokufa jicho moja. Lile jicho zima lilikuwa la kushoto, na yeye jicho lake zuri lilikuwa la kulia. Kwa hiyo aliishika darubini pembeni ya uso, shingo kaipinda, mdomo wazi, kama mtu anayenong’onezwa siri na chupa. Katika mkao huo alituona sisi wote kila tulipokwenda kuoga. Alisema hatuoni. Alisema hatupo kwenye orodha.

Sasa kuhusu ukweli wa taarifa zake. Nitasema neno moja tu: mbuni. Admini alitangaza mbuni kando ya ziwa. Mbuni! Watu wakatoka mbio mashambani. Kufika, ni kijana wa Kisukuma amepandisha suruali, anavuka matete na baiskeli begani na mwavuli mweusi kichwani. Tulimcheka Admini mpaka tukakaa chini. Yeye wala. Akafuta jicho zima la darubini kwa shati, akasema, “Kwa umbali ule, alikuwa mbuni.” Na mwezi uleule akatangaza simba, akawa mbwa wa mchungaji, yule wa njano. Mchungaji mwenyewe alikwenda kumwomba arekebishe, maana waumini wanaogopa kuja ibada ya jioni. Akakataa. Akasema yeye alitangaza mnyama mwenye rangi ya simba, na rangi haijabadilika. Hakuwahi kurudisha taarifa. Heri umwombe kurudisha meno yaliyong’oka.

Halafu muoga! Hilo watu hawalisemi. Kenge aliingia kwake mchana kweupe, na mkewe ndiye aliyemfukuza kwa mwiko wa ugali. Admini alikuwa wapi? Juu ya meza. Na akiwa hukohuko juu ya meza alitutumia ujumbe wa sauti, ametulia kama mtangazaji wa redio: “Ndugu wanachama, kenge mkubwa ameingia makazi ya watu, anaelekea chumbani, hali ni shwari.” Nyuma yake unamsikia mkewe anapiga kelele, “Shuka huko we mwanaume, shika mlango!”

Ujumbe wake wa sauti ndio hasa ulionitia wazimu. Hakuridhika kusema “nimeona kiboko.” Alimwigiza. Aliguna, akapuliza, akafungua taya. Mimi nauza maandazi. Nimeinama kwenye mafuta ya moto, simu iko kwenye kigoda, mara kiboko anaguna nyuma ya kisogo changu. Binamu ya mume wangu alikuja kututembelea kutoka Katumba, mtu mzima, ana heshima zake. Tai furukombe wa Admini akalia kwenye simu, mgeni akamwaga chai yote kwenye suruali. Hakurudi tena.

Aliyefurahi nyumba nzima alikuwa mmoja: Jeni, mwanangu. Akisikia kiboko wa Admini anacheka mpaka anadondoka. Na ndiyo sauti pekee niliyokuwa naisikia kwake. Kucheka na kulia. Alikuwa anakaribia miaka mitatu na hajasema neno. Si mama, si maji, si hapana. Ukimwambia lete kijiko, analeta. Ukimwita kwa mbali, anageuka. Ila kusema, hasemi.

Mama mkwe wangu alishapata jibu. “Ulimi umefungwa,” alisema. “Kile kinyama cha chini kimevuta. Akatwe.” Kuna bibi mmoja kijiji cha pili anakata watoto kwa wembe. Nilimpeleka Jeni hospitali Mpanda mjini, daktari akamfungua kinywa, akamulika, akampima masikio, akasema ulimi mzuri, masikio mazuri, ongea naye, mpe muda, mrudishe tumwone. Nikarudi na habari hiyo nimefurahi. Mama mkwe akaniuliza, “Huyo daktari ana watoto wangapi?”

Sijui ana wangapi! Sikumuuliza!

Mume wangu yuko mjini anaendesha bodaboda, anakuja Jumapili. Akasema, “Mama ni mtu mzima, tumsikilize.” Nilimwangalia yule mwanaume. Mtoto wangu atiwe wembe mdomoni na bibi asiyeona hata kutia uzi kwenye sindano, halafu tumsikilize. Wakakubaliana wao wawili kwamba mpunga ukishavunwa, Jeni atakatwa. Nikawa nalala na hasira, naamka na hasira, maandazi yenyewe yanatoka na hasira, wateja wanasema yamekuwa magumu.

Na Admini katika hayo yote akaona aongeze lake.

Kila asubuhi akipita kwenda ziwani alisimama mlangoni kwangu. Salamu kwangu kidogo tu. Halafu anamgeukia Jeni: “Mwanachama Jeni, taarifa?”

Kisha ananyamaza. Sasa hili nilikuwa silielewi kwa mtu kama yule, mtu ambaye alimkatiza padri kwenye mazishi ili atangaze hondohondo juu ya mti. Kwa Jeni alinyamaza. Anasimama na kiti kichwani, jasho linamtiririka, anasubiri. Jeni anamwangalia. Anasubiri tu. Mwisho Jeni ananyoosha kidole popote, kwenye paa, kwenye mlima, kwenye ndoo. “Nimepokea,” anasema Admini, huyo anaondoka. Baada ya muda unaona kwenye grupu: Mwanachama Jeni anaripoti bata maji, kundi, upande wa mashariki.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikamsubiri mlangoni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mama Jeni.”

“Mtoto hajasema kitu.”

“Hajasema kwako.”

“Hajasema kwa mtu yeyote! Amenyoosha kidole kwenye ndoo!”

“Wewe ulikuwa unageuza maandazi,” akaniambia, bila haya. “Taarifa inataka utulivu.”

Akaendelea. Jeni akaripoti furukombe wawili wanagombania samaki. Jeni akaripoti nyani dume ana kovu. Jeni akamsahihisha mwenyekiti wa kijiji kuhusu korongo. Watu wakaanza kunipongeza sokoni: “Mama Jeni, mwanao ana macho huyo!” Nikisema mtoto haongei, wananiambia acha unyenyekevu.

Mama mkwe hakuyaona hayo mapema, kwa sababu yeye alishatolewa kwenye grupu zamani. Jogoo wake alipotea, akaandika kwenye grupu anatafuta jogoo mwekundu. Admini akamjibu kuku si mnyama wa ziwani. Yeye akajibu, “Alikuwa anaelekea ziwani.” Akatolewa palepale. Tangu siku hiyo hakumwita Admini tena, alimwita utingo, na akipita kwake alitema mate upande, kwa adabu lakini, asimfikie.

Lakini kijiji hakina siri, habari zikamfikia. Alikuja kwangu kanga imemlegea kwa hasira.

“Mjukuu wangu anaongea na utingo?”

“Mama, haongei.”

“Ameripoti nyani! Mama Kulwa amenionyesha! Anaongea na mtu baki, mimi bibi yake hata kuniamkia haniamkii! Mmemfundisha nini huyu mtoto?”

“Mzee anamsingizia, mama. Hajasema neno.”

Akaifunga kanga yake upya. Nikajua nimekosea kusema. “Kumbe hajasema,” akasema. “Basi tusisubiri mpunga. Alhamisi namleta bibi.”

Nilikwenda kwa Admini jioni ile sijavaa hata viatu. Nikamwambia kila kitu, na vingine nikaongeza. Nikamwambia ameniharibia, amenifanya kichekesho cha kijiji kizima, na sasa mwanangu atakatwa kwa sababu ya uongo wake. Mkewe alikuwa anachambua mchele, akasema, “Mwambie, mwanangu, mimi nimechoka kumwambia.” Admini alikuwa kakaa kwenye kile kiti. Nilidhani ataniomba radhi.

“Mimi,” akasema, “sijawahi kutoa taarifa ya uongo.”

Nilitaka kumpiga na ungo wa mkewe. Mungu ananiona.

Alhamisi ikafika. Jua halijapanda vizuri, simu ikalia kwenye kigoda: “Mamba. Narudia, mamba. Mkubwa, upande wa matete, ametulia, anaelekea hapohapo alipo.” Sauti ilikuwa inatetemeka, na safari hii hakuigiza. Katika ziwa letu hajawahi kuonekana mamba, na pale kwenye matete ndipo tunapochotea. Watu wakaacha majembe. Nami nikambeba Jeni nikaenda. Nisiseme uongo, mamba sikumjali sana. Nilitaka nisiwepo nyumbani.

Haikusaidia. Mama mkwe alikuja na yule bibi wa wembe, wakakuta mlango umefungwa, wakaambiwa wote wako ziwani, wakatufuata. Wembe ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya yule bibi; niliuona ukifanya nundu. Nikamrudisha Jeni nyuma yangu. Lakini yule bibi alipofika akauliza, “Yuko wapi huyo mamba?” Alitaka kuona mamba kwanza. Kazi baadaye.

Basi tukasimama wote, kijiji kizima, tumenyamaza kwa woga. Admini yuko mbele kwenye kiti, miguu kaipandisha juu ya kiti isiguse chini, shingo imepinda, darubini usoni. Ndani ya matete kweli kulikuwa na kitu kirefu, cheusi, kimelala majini, mgongo wenye vinundu. Mwenyekiti alishampigia askari wa wanyamapori. Mama Kulwa alikuwa anasali kimyakimya.

Jeni akachomoka nyuma yangu. Kabla sijamkamata ameshafika kwenye kiti cha Admini, kasimama kando ya goti lake. Na yule mzee, mbele ya hatari, mbele ya wembe, mbele ya watu wote, akashusha darubini, akamgeukia kama kila siku.

“Mwanachama Jeni, taarifa?”

Akanyamaza. Na kwa kuwa wote tulikuwa tumenyamaza, kukawa kimya ambacho sijawahi kukisikia pale. Jeni akaangalia matete. Akaangalia sana.

“Gogo,” akasema.

Nilisikia. Mama Kulwa alisikia, aliacha kusali.

“Amesema nini?” mama mkwe akauliza.

“Hajasema,” akajibu bibi wa wembe. “Amekoroma tu. Ulimi umefungwa huo, nausikia kabisa.”

“Mimi nimesikia go, go,” akasema mama mkwe. “Hata kuku anafanya hivyo.”

“Amesema gogo!” nikapiga kelele.

“Wewe ni mama yake, lazima usikie. Gogo liko wapi? Si yule pale mamba?”

Na hapo watu wote wakamgeukia Admini. Nikaona ubaya wa jambo lenyewe. Kama ni mamba, mwanangu amekoroma. Na aliyesema ni mamba ni mtu ambaye hajawahi kurudisha neno tangu azaliwe, kijiji kizima kimeacha kazi kwa ajili yake, askari yuko njiani na bunduki. Nilimwangalia. Sikumwomba. Nilimwangalia tu kwa yale macho ambayo mume wangu anayajua.

Admini akainua darubini. Akaangalia. Akaihamishia jicho jingine, ambalo halioni kitu, akaangalia tena kwa muda mrefu. Akasema kitu ndani ya ndevu.

“Sema kwa sauti, utingo,” mama mkwe akamwambia. “Watu tusikie.”

Alisimama juu ya kiti kile cha plastiki, kikayumba, mkewe akakishika.

“Mtoto amesema gogo!” akapaza sauti. “Na ni gogo! Mimi nimekosea, mwanachama yuko sahihi! Mmeridhika?”

Nyie! Kicheko kilichotoka pale kilirusha ndege wote wa ziwa, na hakuna aliyewaripoti. Mtu akatupa jiwe, gogo likazunguka taratibu likatuonyesha tumbo lake lenye ukungu. Askari wa wanyamapori akafika kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. “Mamba yuko wapi?” Mwenyekiti akainama kufunga kamba ya kiatu. Mama Kulwa ndiye aliyemjibu: “Amesharipotiwa upya, kaka. Keti upumzike.”

Mama mkwe hakucheka. Alikwenda mpaka kwa Jeni, akachuchumaa, magoti yakalia. Akanyoosha kidole majini. “Ile nini, mama?”

“Gogo.”

Akauliza tena, kana kwamba labda sikio lake ndilo lenye kinyama. Akajibiwa tena. Akabaki amechuchumaa, mkono umeshika mdomo. Yule bibi wa wembe akafungua pindo la kanga, akaangalia, akalifunga upya. “Sasa mimi nimekuja kuona nini?” akalalamika. “Mamba hakuna, ulimi hakuna. Hata kiboko mmoja jamani?” Wakamwonyesha kiboko.

Tulirudi pamoja kwa sababu njia ni moja. Admini alibeba kiti kichwani, kimya, vijana nyuma yake wanaigiza mamba. Sikumshukuru. Nilikuwa bado nina hasira naye ya bata maji na nyani wote wale, na mpaka anahamia Majimoto sikumwambia asante. Nilimpa maandazi tu, laini, akajua. Jeni alikuwa mgongoni kwangu, ananyoosha kidole kwenye kila kitu tulichokipita: nguzo, mbuzi, kofia ya askari.

“Gogo,” anasema. “Gogo. Gogo.”

Admini akageuka na kiti chake. “Nimeshasikia, mwanachama. Mara moja inatosha.”

“Sema tena, mama,” nikamwambia Jeni.